Kuku wa Rangi ya Lavenda: Mnunuzi Aukague Unyoya Kabla ya Rangi

Kuku wa rangi ya lavenda huuzwa kama kuku wa mapambo, na mara nyingi bei yao huzidi ile ya ndugu zao weusi. Nyongeza hiyo hulipwa kwa ajili ya rangi peke yake, kwa maana nyama yao ni ile ile na mayai yao ni yale yale. Anayelipa zaidi kwa sababu ya vazi la kuku ana haki ya kulikagua vazi hilo kwa makini. Hapo ndipo wanunuzi wengi hukosea: hupendezwa na rangi, wakasahau kuutazama unyoya unaoibeba.

Lavenda ni kijivu hafifu cha moshi chenye dalili ya buluu, kilichoenea sawasawa tangu kichwani hadi mkiani. Aina inayotafutwa sana katika rangi hii ni Orpington, kuku mkubwa mwenye manyoya tele, aliyezalishwa na William Cook huko Kent, Uingereza, na kutambulishwa mwaka 1886. Kuku wa Cook alikuwa mweusi. Lavenda iliingizwa katika aina hiyo baadaye sana. Rangi hii hupatikana pia kwa kuku wadogo wa Pekin na kwa Araucana.

Kwa asili, kuku huyu ni kuku mweusi. Chembe za rangi nyeusi zimo mwilini mwake, ila hazisambazwi vyema ndani ya unyoya unapokua. Hurundikana mahali pamoja na kuacha mapengo, na jicho la mtazamaji huona kijivu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba chanzo ni badiliko moja dogo katika jeni ya melanofilini, ambayo kazi yake ni kusaidia kuzisafirisha chembe hizo.

Kila kifaranga hupokea nakala mbili za jeni hii, moja kwa baba na moja kwa mama. Rangi ya lavenda hujitokeza pale tu nakala zote mbili zinapokuwa za lavenda. Kuku mwenye nakala moja huwa mweusi, naye huibeba rangi hiyo kwa siri. Kutokana na kanuni hii mnunuzi hupata kipimo kizuri cha ukweli wa muuzaji: jogoo wa lavenda akipandishwa kwa jike wa lavenda, vifaranga wote huwa lavenda. Ikiwa umenunua mayai yaliyosemwa kuwa ya wazazi wa lavenda, ukayaatamisha siku 21, kisha akatoka kifaranga mweusi, basi mmoja wa wazazi hakuwa lavenda.

Ikitokea baadhi ya vifaranga ni weusi, wengine buluu, na wengine weupe wenye madoa, yaelekea uliuziwa kuku wa buluu wa kawaida. Buluu hiyo ni jeni nyingine kabisa. Buluu kwa buluu huzaa, kwa wastani, robo weusi, nusu buluu na robo weupe wenye madoa. Kwa macho, manyoya ya kuku wa buluu mara nyingi huwa na ukingo mweusi zaidi, na shingo ya jogoo hukoza kuliko kifua. Lavenda haina ukingo wala haikozi popote. Ni vyema kutotegemea jina lililoandikwa kwenye tangazo, kwani hata Marekani lavenda husajiliwa katika maonyesho kama namna ya buluu.

Kasoro ya manyoya

Unyoya wenye afya umeundwa kwa nyuzi nyembamba zilizoshikamana kwa vijikulabu vidogo mno. Ukizitenganisha kwa vidole kisha ukaupapasa unyoya kuanzia shinani kuelekea nchani, nyuzi hushikamana tena. Katika koo nyingi za lavenda nyuzi hizo hazishikamani. Unyoya hubaki umechanika-chanika mfano wa ukili uliofumuka, hasa mkiani na mabawani, na mara nyingi zaidi kwa majogoo. Wengine huchelewa kuota manyoya, wakabaki mgongo wazi wakati wenzao weusi wa umri ule ule wamekwisha kuvaa.

Hii si maradhi, wala haiambukizi. Hata hivyo si jambo la sura tu: manyoya yaliyofumuka hayazuii mvua vyema, na mabawa yake humwinua kuku kwa shida. Kwa bahati mbaya kasoro haionekani kwa kifaranga mwenye malaika. Hujitokeza manyoya ya kudumu yanapoota, wakati ambao fedha zimekwisha kulipwa.

Si kila unyoya mbovu hutokana na urithi. Utitiri na chawa huharibu manyoya; kuku hudonoana; jogoo humchuna jike mgongoni anapompanda. Lishe nayo ina sehemu yake, kwa kuwa unyoya ni protini karibu mtupu, na kuku anayebadilisha manyoya akila pumba peke yake hawezi kuota mazuri. Njia ya kutofautisha ni kulinganisha. Kuku weusi wa banda lile lile, wanaokula chakula kile kile, wakiwa na manyoya mazima ilhali wa lavenda wamefumuka, lawama haiko kwa chawa. Muuzaji anayedai kwamba kasoro ya namna hiyo itaondoka kuku akibadilisha manyoya anatoa ahadi isiyo na msingi. Manyoya mapya huota na kasoro ile ile.

Wazalishaji wengi huamini kwamba kasoro hii hurithiwa pamoja na rangi kwa sababu chanzo chake kiko jirani na jeni ya lavenda. Ndiyo maana kupandisha lavenda kwa lavenda kizazi baada ya kizazi huizidisha. Mzalishaji mwangalifu hurudi kwa kuku mweusi mwenye manyoya bora. Kizazi cha kwanza huwa cheusi chote. Hicho kikipandishwa chenyewe kwa chenyewe, takriban kifaranga mmoja kati ya wanne huwa lavenda, na kati ya hao wachache huchaguliwa wenye unyoya mzima. Mchanganyiko mmoja hautoshi, kwa kuwa vitu vilivyo jirani hivyo havitengani upesi. Kazi hii huchukua miaka na hulisha weusi wengi wasio na soko, na kwa maoni yetu ndiyo pekee inayohalalisha bei ya juu.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, omba kumwona jogoo mzazi aliyekwisha kukomaa, umkunjue bawa na kuupapasa mkia wake kwa vidole. Picha ya vifaranga haitoshi. Uliza ni lini mara ya mwisho mweusi aliingizwa katika ukoo. Anayejibu kwamba hajapata kumwingiza kamwe, na kujivunia jambo hilo, amekupa sababu ya kuondoka. Ukiuziwa kuku weusi kwa maelezo kwamba wanabeba lavenda, fahamu kwamba hakuna awezaye kulithibitisha hilo kwa kuwatazama. Yaandikwe kwenye risiti, pamoja na rangi ya kila mzazi na makubaliano ya kurejeshewa fedha vifaranga wakitoka kinyume.

Aliyekwisha kununua kuku mwenye kasoro hana haja ya kumchinja kwa hasira. Jike wa namna hiyo hutaga kama kawaida. Ampe chakula cha kutagia chenye protini ipatayo asilimia 16, banda lisilovuja, na fito za kulalia zilizo karibu na ardhi, na asiyaweke mayai yake kwa kuatamiwa.