Babati: Ziwa, Mlima na Viboko katika Siku Moja

Babati ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara, uliomegwa kutoka Mkoa wa Arusha mwaka 2002. Mji uko ndani ya Bonde la Ufa, kilomita 170 hivi kutoka Arusha, pale barabara kuu inapogawanyika: tawi moja huelekea Katesh na Singida, jingine Kondoa na Dodoma. Tangu barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, yenye urefu wa kilomita 251, ifunguliwe rasmi mwaka 2018, familia inayotoka makao makuu ya nchi hufika bila kuzungukia Singida. Wasafiri wengi husimama kituoni kununua mahindi ya kuchoma na kuendelea na safari. Anayelala usiku mmoja hukuta kwamba ziwa na mlima viko karibu kiasi cha kuonwa vyote kwa siku moja, sehemu kubwa kwa miguu.

Ziwa Babati liko kusini mwa mji, mita 1,350 hivi juu ya usawa wa bahari. Maji yake ni matamu, tofauti na ya Ziwa Manyara na Ziwa Burunge, ambayo ni ya magadi. Kina chake ni cha mita chache tu, na kingo zake zimefunikwa na matete. Alfajiri wavuvi hurudi na mitumbwi ya gogo lililochongwa wakiwa na perege na kambare, huku mwari, mnandi na korongo wakisubiri mabaki. Mgeni anayetaka kuingia majini huelewana na mwenye mtumbwi, ambaye huusukuma taratibu kwa pondo kandokando ya matete. Watoto hukalishwa katikati na huambiwa wasisimame. Hawaogi pia, kwa kuwa maji matamu yaliyotulia namna hii hupendwa na konokono wanaoeneza kichocho.

Wenyeji wakubwa wa ziwa ni viboko. Mchana hubaki majini kwa sababu ngozi yao hukauka upesi juani, hivyo huonekana masikio, macho na pua tu. Mmoja huzama, hesabu huanza, kisha huibuka dakika chache baadaye mahali asipotazamiwa. Usiku hutoka kula majani, na njia zao hujulikana hata mchana. Kwa kuwa miguu ya kulia na ya kushoto iko mbali, kiboko huchimba mifereji miwili na kuacha tuta la nyasi katikati, mfano wa barabara ya shamba iliyopitiwa na trekta. Mtoto akisimama juu ya tuta hilo, mguu mmoja huku na mwingine kule, hupata kipimo cha mnyama ambaye hajamwona akiwa wima. Baadhi ya njia hizo huishia kwenye mashamba ya mahindi. Hakuna uzio kati ya viboko na watu, na mpaka ni saa tu: mchana ukingo ni wa wavuvi, usiku ni wa viboko.

Mashariki mwa mji umesimama Mlima Kwaraa, wenye kimo cha mita 2,415. Kutoka ziwani hadi kileleni ni kupanda zaidi ya mita 1,000, safari ya siku nzima kwa watu wazima wenye pumzi. Familia yenye watoto huishia miteremko ya chini, ambako mashamba ya mahindi na mbaazi hupisha vichaka, na vichaka hupisha msitu wa hifadhi. Kibali huombwa kwa mamlaka ya misitu, na mwenyeji wa kuongoza ni wa lazima, kwa kuwa nyati na tembo hufika humo. Ukipanda kidogo tu na kugeuka, mji wote huonekana, na nyuma yake ziwa.

Kutoka hapo uhusiano wa mlima na ziwa hujieleza wenyewe. Mteremko ukikatwa miti, udongo huteremka na mvua na kujaza ziwa ambalo tangu hapo ni la kina kifupi. Mwaka 1990 ziwa lilifurika hadi mjini. Katika miaka hiyohiyo ya tisini vijiji vinavyouzunguka msitu wa Duru-Haitemba, wilayani Babati, vilikabidhiwa msitu huo viulinde vyenyewe, na vikawa miongoni mwa mifano ya mwanzo ya usimamizi shirikishi wa misitu Tanzania.

Anayetaka wanyama zaidi hurudi barabara ya Arusha, inayopita kati ya Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, iliyoanzishwa mwaka 1970, na Ziwa Manyara. Tembo, pundamilia na nyumbu huvuka eneo hilo, liitwalo Kwakuchinja, kati ya Tarangire na ziwa hilo. Kiangazi hukusanyika kwenye Mto Tarangire, na mvua zikinyesha hutawanyika, wengi wakielekea nyanda za Simanjiro.

Mchana, baada ya ziwa na mlima, familia hurudi mjini kula. Perege wa kukaanga huja na ugali, au na wali wa mchele wa Magugu, unaosifiwa hadi Arusha. Sokoni husikika lugha za asili tatu tofauti: Wagorowa, ambao ndio wenyeji, na Wairaqw husema lugha za Kikushi, Wambugwe na Warangi za Kibantu, Wabarbaig na Wamaasai za Kiniloti. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wote.

Wakati mzuri wa matembezi ni Juni hadi Oktoba, njia zikiwa kavu. Mvua huanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Mei, na miteremko huteleza. Desemba 2023 maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliua watu zaidi ya 80 huko Katesh, kwa hiyo mvua kubwa ikinyesha milima huachwa. Msimu wowote, matembezi ya ziwani huisha kabla ya saa kumi na mbili jioni. Jua likizama, viboko hutoka majini na kushika njia zao.