Gundi ya Taruma: Moja kwa Jina, Nyingi kwa Tabia

Waundaji wa vyombo wa mwambao, tangu zamani, hutafuta matawi yaliyojipinda yenyewe, ili nyuzi za mti zifuate umbo la taruma. Pale ambapo miti ya namna hiyo imeadimika, ipo njia nyingine: mbao nyembamba, za unene wa milimita 3 hadi 6 hivi, hupakwa gundi, zikapangwa tabaka juu ya tabaka, zikapindwa juu ya kalibu na kubanwa kwa majiliwa mpaka gundi ishike.

Lugha yetu inazo gundi nyingi chini ya neno moja, na hapo ndipo kosa huanzia. Yafaa tuzipambanue kwa maswali mawili. Je, gundi hii yastahimili maji? Je, yastahimili mvuto usiokoma? Kwani ubao uliopindwa hutaka kunyoka daima, na kinachouzuia ni gundi.

Gundi nyeupe ya maseremala, ifaayo kwa viti na meza, hushindwa pote pawili: majini hulainika, na hata ikiwa kavu huachia polepole, tabaka zikateleza. Yurea-fomaldehidi ni ngumu, wala haitelezi. Lakini joto pamoja na unyevu wa muda mrefu huidhoofisha.

Zinabaki mbili. Resosinoli, yenye rangi nyekundu iliyokoza, ilienea katika uundaji wa vyombo tangu miaka ya 1940, na hata maji ya kuchemka hayaifungui. Hata hivyo, yadai mbao zilizorandwa sawasawa, mbano mkubwa, na joto la nyuzi 21 au zaidi. Epoksi hujaza nafasi zilizobaki kati ya mbao na hutosheka na mbano mdogo. Ukikaza mno, huminywa ikatoka, kiungo kikabaki kikavu. Adui yake ni joto: koponi huganda upesi, kwa hiyo ichanganywe kidogo kidogo, na baada ya kukauka hulegea ikiunguzwa na jua kali, hasa chini ya rangi nyeusi.

Kabla ya kuamua, gundisha vipande viwili vya mti uleule. Viloweke, vikaushe, urudie mara kadhaa, kisha uvitenganishe kwa patasi. Ukichanika mti, gundi imefaulu. Ukifunguka mstari wa gundi, anza upya: heri hasara ya karakanani kuliko taruma kuachana katikati ya Ziwa Tanganyika, chombo kikiwa na watu.