Kiharusi Hurudi

Mtu wa Rughenda, hapa Butembo, akipata kiharusi, akalazwa, kisha mdomo ukanyooka na mkono ukaanza kushika kikombe, ndugu humshukuru Mungu na kusema ugonjwa umekwisha. Haujaisha. Katika kila viharusi vinne, karibu kimoja humpata mtu aliyewahi kupooza kabla.

Katika hatari hiyo, tumbo lina sehemu yake. Utafiti wa INTERSTROKE, uliochapishwa 2016 kutoka nchi 32, Uganda ikiwemo, ulihusisha takribani asilimia 90 ya viharusi na mambo kumi yanayoweza kurekebishwa. Presha ndiyo ya kwanza. Katika unene, kilichoonyesha hatari ni kiuno kikilinganishwa na nyonga, kuliko kilo za mwili. Mafuta yanayojaa tumboni, karibu na ini na utumbo, hupandisha presha na kuidhoofisha kazi ya insulini. Mwenye miguu myembamba na kitambi asijidanganye kwamba si mnene.

Chukua kamba yenye urefu wako, kisigino hadi utosi. Ikunje katikati, uizungushe kiunoni juu kidogo ya kitovu, bila kuvuta tumbo ndani. Ncha zisipokutana, kiuno chako kimezidi.

Huku Butembo na Beni biashara imetuketisha. Kutwa dukani, jioni motari hadi mlangoni. Sahanini fufu nyingi, sombe kidogo, na makayabu, samaki wa chumvi, yaliyolowekwa kwa haraka, kisha kube za mchuzi juu ya chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka chumvi isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyojificha ndani ya samaki na kube. Makayabu yalale majini usiku kucha, maji yabadilishwe, na sufuria isiongezwe chumvi nyingine. Bia na kasiksi navyo hupandisha presha. Kutembea alfajiri si salama kwa kila mtaa wetu, nalijua hilo. Basi mchana, dakika 30, siku tano kwa juma.

Lakini aliyekwisha kupooza asisubiri kitambi kipungue. Kilo hushuka polepole, na presha haiumi, ndiyo maana wengi huacha vidonge wakijiona wamepona. Hilo ndilo kosa ninaloliogopa kuliko mafuta yote ya mawese. Utafiti wa PROGRESS wa 2001 ulionyesha kwamba dawa za presha zilipunguza kiharusi cha kurudia kwa asilimia 28. Kwa wengi lengo ni chini ya 130/80. Aspirini usijinunulie mwenyewe: viharusi vingine hutokana na mshipa uliopasuka, na aspirini huweza kuzidisha kuvuja kwa damu.

Mama, baba, kama nyumbani kwenu yuko aliyewahi kupooza, mwulizeni leo vidonge vyake vimebaki vya siku ngapi. Kabla havijaisha, mpelekeni kituo cha afya apimwe presha.