Programu yako inafanya kazi kwako tu? Ifunge vizuri iwafikie wengine

UMEKESHA wiki nzima ukiandika programu. Kwenye laptopu yako inakwenda vizuri kabisa. Unamtumia rafiki, anajaribu kuifungua, kisha anakujibu: "Hii kitu imekataa." Yeye anatumia Fedora, wewe uko Ubuntu. Unamwelekeza kwa simu aongeze maktaba hii, abadilishe ile, hadi anachoka na kukuambia mtaongea kesho.

Programu nyingi nzuri hufia hapo. Mwenyewe anaijua nje ndani, lakini hakuna aliyeifunga ili isafiri.

Tatizo ni kwamba Linux ina jamii nyingi, na kila jamii ina desturi zake. Debian na Ubuntu hutumia vifurushi vya DEB. Fedora na openSUSE hutumia vya RPM. Hata kitu kilekile hubadilisha jina ukivuka mpaka: ukitaka kujenga programu inayotumia OpenSSL, kifurushi unachohitaji kwenye Ubuntu ni libssl-dev, na kwenye Fedora ni openssl-devel. Sasa hebu fikiria kuweka mifumo yote hiyo kwenye laptopu moja yenye kumbukumbu ndogo, tena kwa bando la kuhesabu. Haiwezekani, au itakumaliza.

Jiko la pamoja

Ndiyo maana kuna Open Build Service, huduma ya mradi wa openSUSE ambayo zamani iliitwa openSUSE Build Service. Ukiingia build.opensuse.org unafungua akaunti bila malipo, na unapewa eneo lako mwenyewe la kufanyia kazi.

Ichukulie kama jiko la pamoja. Wewe unaleta vitu viwili: msimbo wa programu yako, na faili ya mapishi inayoeleza jina, toleo, leseni, maktaba zinazohitajika na hatua za kujenga. Kwa RPM, faili hiyo huishia na .spec. Kwa DEB, maelezo hayo hukaa kwenye folda iitwayo debian. Kisha unachagua unataka kuwapikia nani: openSUSE, Fedora, Debian, Ubuntu na wengineo, hata kwa kompyuta zenye chipu za ARM.

Kazi nzito hufanyika kwenye seva zao. Wewe unapakia faili zako, ambazo mara nyingi ni ndogo, kisha unasubiri. Ukipenda kufanya kazi kwa kuandika amri, kuna kifaa kiitwacho osc.

Jambo la kuelewa mapema ni hili: kila ujenzi huanza kwenye kompyuta pepe iliyo safi. Mbali na vifaa vya msingi vya ujenzi, haina kitu ambacho hukukitaja, na wakati wa kujenga haina intaneti. Kama programu yako imezoea kupakua vitu katikati ya ujenzi, itagoma. Utaona neno "failed", maana yake ujenzi umekwama, au "unresolvable", maana yake umetaja kitu ambacho huduma haikukipata. Usikate tamaa. Fungua kumbukumbu za ujenzi, anza kusoma kutoka chini, tafuta kosa. Mara nyingi utakuta ni maktaba moja uliyosahau kuitaja, kwa kuwa kwenye laptopu yako ilikuwapo tangu zamani.

Ukali huo una faida. Kifurushi kikitoka hapo, unajua hakitegemei bahati ya mashine yako. Isitoshe, maktaba unayoitegemea ikibadilika, huduma hukijenga kifurushi chako upya yenyewe.

Wazi, lakini fungua macho

Hapa usilale. Ukipakia kitu kwenye eneo lako, chukulia kwamba dunia nzima inakiona. Usiache nywila wala ufunguo wako wa Daraja wa malipo ya M-Pesa ndani ya msimbo. Pia, huduma hiyo ni ya programu huria. Programu ya siri ya ofisini haina nafasi pale.

Na ukiwa mtumiaji, kumbuka kwamba yeyote anaweza kufungua akaunti. Kifurushi kuwa pale si cheti cha usalama. Angalia aliyekifunga na usome mapishi yake.

Machi 2024 dunia ilifunzwa somo hilo. Mhandisi Andres Freund aligundua kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, kifaa cha kubana faili, yalikuwa na mlango wa siri. Kilichomshtua ni kuona kuingia kwa SSH kunachukua muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Matoleo hayo yalikuwa tayari yamefika openSUSE Tumbleweed na matoleo ya majaribio ya Fedora na Debian. Sehemu ya hila hiyo ilifichwa kwenye faili iliyobanwa ya kupakua. Haikuonekana kwenye hazina ya msimbo ambayo watu huikagua. Mashine za ujenzi zilifanya kazi yao bila kosa: zilipika walichopewa. Ilibidi binadamu ashuku.

Kwa hivyo kazi hii inahitaji vijana wanaosoma, si wanaobonyeza tu. Anza na programu ndogo unayoitumia kila siku. Tafuta kifurushi chake kwenye huduma, tengeneza nakala yako, soma mapishi mstari kwa mstari. Ukiona toleo limepitwa na wakati au maelezo yana kosa, rekebisha, jenga, kisha tuma ombi mabadiliko yako yapokelewe. Wenye mradi watayapitia. Wakiyakataa wataeleza sababu. Rekebisha, tuma tena.

Kama hutaki kuanzia openSUSE, watu wa Fedora wana Copr, na wa Ubuntu wana PPA za Launchpad. Popote utakapoanzia, ombi lako likikubaliwa, mtu usiyemjua ataweka programu hiyo kwa amri moja, bila kukupigia simu.