Kasuku Mdogo wa Australia

Leo tutajifunza habari za baji, kasuku mdogo wa Australia. Urefu wake ni sentimita 18 hivi. Porini rangi yake ni kijani na manjano.

Ndege hawa hukaa katika nchi kavu. Huruka makundi makundi wakitafuta maji na mbegu za majani. Huigana sauti ili watambuane.

Mwaka 1840 John Gould aliwapeleka Uingereza wakiwa hai. Tangu hapo hufugwa majumbani.

Basi, kwa nini baji husema maneno ya watu? Akifungiwa peke yake hana mwenzake wa kumwiga. Humwiga mwenye nyumba. Kwa hiyo anayemfuga hivyo asimwache kimya siku nzima. Yeye ndiye kundi lake.

Swali: Baji wa porini huiga sauti za nani?