Saa ya kupimia hutia chumvi: angalia pembe ya kidole

Mteja kaleta shafti ya pampu kwenye karakana yako ya uani, Mbagala. Anauliza: imepinda? Unaifunga kati ya senta za mashine ya kukerezea, unagusisha kidole cha saa ya kupimia, unaizungusha kwa mkono. Mshale unacheza milimita 0.10. Usiihukumu bado!

Kidole huzunguka kwenye pini yake. Kikiwa kimeinuka, mwendo uleule wa chuma hukigeuza zaidi, na saa hutia chumvi. Kikilala sambamba na uso kinaougusa, namba ni ya kweli. Kwa nyuzi 30, zidisha usomaji kwa 0.87, kwa nyuzi 60, kwa 0.5. Yaani 0.10 yako ni 0.05 tu.

Ila sifuri ni sifuri kwa pembe yoyote. Ukitafuta katikati tu, pembe haikusumbui. Ukipima, kilaze kidole kwanza, usije ukatupa shafti nzima.