Gego la Mwisho: Ling'olewe au Liachwe?

Husemwa mara nyingi kwamba dawa ya jino ni kung'oa. Neno hilo lina kweli ndani yake, lakini si kweli yote, maana wazee walisema vilevile kwamba jino la pembe si dawa ya pengo. Jino la mtu mzima likisha kutoka halirudi. Basi mtu asumbuliwaye na gego lake la mwisho, lile ambalo wengine huliita jino la akili, hujikuta kati ya maneno hayo mawili, naye hajui alifuate lipi. Twapenda kulieleza jambo hili kwa utaratibu, kwa sababu wako watu wapotezao gego zima lisilo na kosa lolote, na wako wengine walindao gego gonjwa mpaka ugonjwa ukaenea shingoni na kuhatarisha maisha.

GEGO HILI NI LIPI?

Mtu mzima aliyetimiza meno yote ana meno 32. Kati ya hayo, magego manne ya mwisho, mawili juu na mawili chini, huota baada ya mengine yote, na kwa kawaida huonekana mtu akiwa na umri wa baina ya miaka 17 na 25. Kwa kuwa huota wakati ambapo mtoto amekwisha kuwa mtu mzima, watu wa lugha nyingi wameyahusisha na akili. Lakini wako wasioota hata moja kati ya hayo manne. Hilo si ugonjwa, wala si upungufu wa akili.

Taya likiwa na nafasi ya kutosha, gego hilo huota wima, likatafuna chakula kama mengine, na mwenyewe asilifikirie tena. Taya likikosa nafasi, gego hukwama. Wakati mwingine hubaki lote ndani ya mfupa. Wakati mwingine hulala ubavu, likaelekeza kichwa chake kwenye gego la jirani, kama abiria aliyechelewa katika gari lililojaa, asiyeweza kukaa wala kusimama sawasawa. Na wakati mwingine huchungulia nusu tu, nusu nyingine ikafunikwa na kipande cha ufizi.

Hilo la kuchungulia nusu ndilo lenye kuleta taabu nyingi zaidi. Chini ya kile kipande cha ufizi mna mfuko mdogo. Chakula huingia humo, na mswaki haufiki. Vijidudu huzaana, ufizi huvimba, mdomo hunuka, na mtu huona vigumu kufungua kinywa na kumeza. Tena, gego lililolala ubavu huweza kuozesha gego zuri lililo mbele yake, maana hapana awezaye kupasafisha mahali pale yanapogusana.

MIFANO MIWILI

Tuchukue mfano wa kijana wa Kibera, mwenye umri wa miaka 22, ambaye kila alfajiri hutembea kwa miguu kwenda kutafuta kibarua katika Eneo la Viwanda. Alikwenda kutibiwa jino jingine lenye tundu, akapigwa picha ya eksirei, ikaonekana kwamba magego yake mawili ya chini yamelala ndani ya mfupa. Hayajamwuma hata siku moja. Mwenzake anamwambia, "Yang'oe mapema, ama sivyo yatayasukuma meno ya mbele yapindane."

Sasa tuchukue mfano wa mama wa Kawangware afanyaye kazi ya nyumbani huko Lavington. Ufizi wake wa nyuma umevimba mara tatu katika mwaka mmoja. Kila mara hununua vidonge vichache dukani, uvimbe hupungua, naye husema, "Nimepona." Jirani yake anamwonya, "Mama, usiliguse hilo jino. Ukiling'oa utapofuka macho."

Washauri wote wawili wamekosea. Yule kijana hana sababu ya kung'oa, na yule mama hana sababu ya kuendelea kungoja.

Kwanza, habari ya kuyapinda meno ya mbele. Wataalamu wamelichunguza jambo hilo kwa miaka mingi, wala haikuthibitika kwamba gego la mwisho ndilo lipindalo meno ya mbele. Meno ya mbele ya watu wengi husongamana kadiri umri unavyoendelea, hata ya watu wasio na magego hayo. Pili, habari ya kupofuka. Mshipa wa fahamu uletao uwezo wa kuona hautoki katika meno. Gego halihusiki na macho, na kuling'oa hakupofushi mtu.

Huko Uingereza, zamani magego mengi yaliyokwama yaling'olewa hata kama hayana ugonjwa. Mwaka 2000 baraza la nchi hiyo liitwalo NICE, lenye kazi ya kushauri hospitali za serikali juu ya matibabu, lilitoa shauri kwamba desturi hiyo ikomeshwe. Lilisema ya kuwa mtu asipasuliwe kwa ajili ya gego lisilo na ugonjwa. Na ufizi ukivimba mara ya kwanza tu, bila ukali mkubwa, hiyo si sababu ya kutosha. Lakini ukirudia mara ya pili, ni sababu. Waganga wa nchi nyingine, hasa wengi wa Marekani, wamekuwa wepesi zaidi wa kung'oa mapema, na mpaka leo mabishano hayo hayajaisha. Hata hivyo wote hukubaliana katika neno moja: gego lenye ugonjwa unaorudi halifai kuachwa.

Nasi tusijione mbali na mabishano hayo, kwa kuwa kung'oa meno mazima si jambo geni kwetu. Zamani vijana wa Kiluo waling'olewa meno sita ya mbele ya chini, na moja katika sababu zilizotajwa ni kwamba pengo lile lilisaidia kumlisha mtu ambaye taya zake zimefungwa na pepopunda. Siku hizi iko sindano ya kukinga pepopunda, na desturi ile imetoweka karibu kabisa. Tena wako watu ambao, mtoto mchanga akihara au akipata homa, humchimba ufizi kutoa yale yaitwayo meno ya plastiki, kumbe ni vichipukizi vya meno ya kawaida. Na watoto wengine wamekufa kwa kutokwa damu na kwa vidonda vilivyoingia uchafu. Funzo ni hili: kila jino ling'olewalo liwe na sababu yake, na sababu hiyo iwe ndani ya jino lenyewe.

SABABU ZA KUNG'OA

Sababu za kweli ni hizi: ufizi unaovimba na kurudia, gego lililooza hata haliwezi kuzibwa, gego linaloharibu jirani yake, usaha, na uvimbe wa maji uotao ndani ya mfupa kulizunguka gego. Pasipo mojawapo ya hayo, lililo bora kwa kawaida ni kuliacha gego na kulichunguza mara kwa mara. Kuliacha si kulisahau. Yule kijana wa Kibera yampasa asugue mpaka nyuma kabisa kwa mswaki au kwa mti safi, na amwone daktari wa meno tena hata kama haumwi.

Ni haki kueleza vilevile kwamba kungoja kuna gharama yake. Mtu akiwa kijana, mfupa wa taya ni laini zaidi, na mizizi ya gego huenda haijakomaa. Kwa hiyo hung'oleka kwa urahisi na kidonda hupona upesi. Akifika miaka 40 au 50, kazi ni nzito zaidi. Kwa sababu hiyo, gego likianza kuonyesha dalili za ugonjwa kwa kijana, asijipe moyo kwamba atalishughulikia uzeeni.

KUNG'OA KULIVYO

Gego la juu mara nyingi hutoka bila shida kubwa. La chini lililokwama huhitaji kazi zaidi: hupigwa sindano ya ganzi, ufizi hupasuliwa kidogo, huenda mfupa kidogo ukaondolewa, gego likakatwa vipande, kisha ufizi ukashonwa. Mtu husikia kusukumwa na kuvutwa, lakini hapaswi kusikia maumivu makali. Akiyasikia, na ainue mkono aongezwe ganzi.

Shavu huvimba kwa siku mbili tatu, kisha hupungua. Watu wengi hurudia kazi zao baada ya siku chache, lakini kazi ya kubeba mizigo yataka kungoja zaidi. Basi mwenye kibarua na apange siku yake mapema, wala asingoje mpaka aanguke siku asiyoitazamia.

Ziko hatari zinazompasa mtu kuzijua kabla hajakubali. Wakati mwingine damu iliyoganda katika tundu hutoka, mfupa ukabaki wazi, na siku chache baada ya kung'oa yakaja maumivu makali. Wavutao sigara hupatwa zaidi. Tena, karibu na mizizi ya magego ya chini hupita mshipa wa fahamu wa mdomo wa chini na kidevu, na mwingine wa ulimi. Ukiguswa, sehemu hizo huweza kufa ganzi. Kwa watu wengi ganzi hiyo huisha baada ya majuma au miezi. Kwa wachache haiishi. Ndiyo sababu picha ya eksirei ni ya lazima kwa gego la chini lililokwama, ili daktari aone mshipa ulipo kabla hajashika chombo. Mtu akubaliye kuling'oa gego la namna hii kwa koleo tu, bila picha, amejitia katika hatari isiyo ya lazima.

AENDE WAPI?

Hospitali ya Mbagathi iko karibu na Kibera, wala Hospitali ya Kenyatta haiko mbali. Chuo Kikuu cha Nairobi kina hospitali yake ya meno katika barabara ya Argwings Kodhek, ambayo watu wa Kawangware waweza kuifikia bila kwenda mpaka katikati ya mji. Popote aendapo mtu, aulize bei ya kazi yote, yaani picha, kung'oa na dawa, kabla haijaanza. Kila daktari wa meno katika Kenya yampasa awe ameandikishwa na baraza la madaktari na waganga wa meno, na leseni yake hufanywa upya kila mwaka. Kuomba kuiona si utovu wa adabu.

Na amwulize daktari maswali haya manne: Gego langu lina ugonjwa gani? Likiachwa, litanipata nini? Mshipa wa fahamu uko karibu kiasi gani? Je, liko tiba nyingine isiyokuwa kung'oa? Daktari mwema hatachukizwa na maswali hayo. Mgonjwa naye asifiche habari zake: amweleze kama ana ugonjwa wa sukari au wa moyo, kama ana mimba, na dawa zote anazotumia.

BAADA YA KUNG'OA

Auume ule mkunjo wa shashi aliopewa kwa muda wa nusu saa bila kuuchungulia. Siku ile ya kwanza asisukutue, asiteme mate kwa nguvu, wala asivute sigara. Kuanzia siku ya pili asukutue taratibu kwa maji safi ya vuguvugu yenye chumvi. Ale vyakula laini visivyo moto, kama uji uliopoa, viazi vilivyopondwa na ndizi mbivu. Asiweke kidonge cha aspirini juu ya ufizi, maana huunguza. Vidonge humezwa kama daktari alivyoagiza.

Mtu akiona uvimbe unateremka chini ya taya au shingoni, au homa, au ulimi kuinuka, au taabu ya kumeza mate au kuvuta pumzi, asingoje mapambazuko. Na aende hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane, kwa kuwa usaha wa gego huweza kuziba njia ya hewa na kumwua mtu mwenye nguvu zake. Wala dalili hizo hazingojei gego ling'olewe. Huweza kumpata hata yule mama wa Kawangware ambaye bado anameza vidonge vya dukani. Vidonge hivyo hutuliza uvimbe kwa muda, lakini kisababisho chake kimebaki pale pale.

Basi gego likinyamaza na picha ikaonyesha kwamba ni zima, mwenyewe na alitunze na kulichunguza, wala asiwape sikio wanaomhimiza kuling'oa. Na gego likisha kumsumbua mara ya pili, na ajue kwamba litarudi, aende akalishughulikie angali ana nafasi ya kuchagua siku, mahali, na mkono wa kumtibu.